Kilio au Kileo? Kumbukumbu za Mwanagenzi wa Santuri

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walinena wahenga, lakini hawakutufafanulia mhunzi afanyeje iwapo mvunjaji ni yeye mwenyewe, tena baada ya kuonywa. Nayaandika haya nikiwa mwanafunzi wa uzamili ambaye kwa muda wa mwaka mmoja na nusu amekuwa akinunua mashine mbovu za kuchezea santuri mjini Thika na kujaribu kuzifufua bila ujuzi wowote wa mambo ya umeme. Nilifanikiwa kiasi. Aidha, niliharibu kitu ambacho hakiwezi kurudishwa katika hali yake, na kwa kuwa kitu hicho kinaihusu taaluma yetu, nimeona si haki kukificha.

Tasnifu yangu inahusu lugha katika nyimbo za dansi za Kiswahili zilizorekodiwa Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970, enzi ambapo lebo kama Equator ilikuwa ikitoa nyimbo za akina Fadhili William na Daudi Kabaka. Nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa sitini. Matini yangu yote niliyapata vitabuni au katika intaneti, nami niliyachambua kama mtu achambuavyo shairi la diwani: tashbihi hapa, takriri pale. Siku nilipoyawasilisha katika semina, mhadhiri mmoja aliniuliza swali fupi: "Je, santuri zenyewe umezisikiliza?" Nikamjibu kwamba nyimbo nyingi zinapatikana mtandaoni. Akasema kuwa mtandaoni huwekwa zile zilizopendwa. Zilizosahauliwa zi wapi?

Nilijua zilipo walau chache. Zilikuwa Ruiru, chini ya kitanda cha nyanya yangu, katika sanduku la mbao. Babu, aliyefariki mwaka 2003, alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika, na mishahara yake kadhaa iliishia katika sanduku hilo. Santuri 38 za mizunguko 45 kwa dakika, baadhi zikiwa bado katika bahasha zake za karatasi, nyingine zimelala uchi kama samaki wa kukaangwa. Pleya yake mwenyewe iliuzwa zamani, wakati wa kutafuta karo ya shangazi yangu.

Niliomba nizipeleke Nairobi kwa watu wenye mitambo mizuri ili zinakiliwe. Nyanya alikataa. Mimi nimepewa jina la babu, na kwa desturi yetu Wakikuyu nyanya huniita mume wake, jambo ambalo humpa ruhusa ya kunikemea kwa namna mbili. Alisema kwa Kikuyu, nami nafasiri: "Mume wangu, wewe ndiwe uliyezileta hapa. Zitasikizwa hapa." Ndipo nikawa mnunuzi wa mashine mbovu, kwani nzima sikuwa na fedha zake.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu istilahi. Wapo wanaotumia neno santuri kwa maana ya mashine na kwa maana ya sahani izungukayo juu yake. Katika makala haya santuri ni sahani. Mashine nitaiita pleya, kama aitavyo fundi wangu. Mstari uliochimbwa ndani ya santuri, ambamo sauti imo, nimeuita mfuo.

Pleya ya kwanza niliinunua kwa shilingi 2,500 kutoka kwa mchuuzi wa vyombo vya umeme vya mitumba, mjini Thika. Ilikuwa ya kuvutia: kifuniko cha plastiki kisicho na ufa, vitufe vinavyong'aa, mkono mwembamba wa fedha. Mchuuzi alisema haiwaki lakini "ni fyuzi tu." (Msomaji ukitoka na jambo moja katika makala haya, liwe hili: hakuna mashine iliyowahi kuuzwa ambayo shida yake haikuwa fyuzi tu.) Niliibeba kwa matatu hadi Ruiru nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga. Nikabadilisha fyuzi, nikaitia plagi jikoni kwa nyanya. Ilizunguka. Ilizunguka kwa sekunde kama kumi hivi, nasi tukapiga makofi, kisha moshi mweupe ukatoka ubavuni na harufu ya nywele zilizoungua ikatanda nyumba nzima.

Nyuma ya mashine hiyo kulikuwa na kibandiko kilichosema volti 120. Ilitengenezwa kwa matumizi ya Marekani. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Kibandiko nilikuwa nimekiona. Nilikifuta vumbi kwa kidole changu mwenyewe. Mwanafunzi wa fasihi, ambaye kazi yake ni kusoma, nilikiona kibandiko nisikisome. Baadaye nilielezwa kwamba hata kama ningepata transfoma ya kushusha volti, pleya ile huenda ingeimba polepole, maana injini za pleya nyingi za zamani hufuata mapigo ya umeme, na ya Marekani ni 60 kwa sekunde ilhali yetu ni 50. Mwimbaji angesikika kama mtu asinziaye.

Ya pili niliipata katika uwanja wa vyuma chakavu huko Makongeni. Hii haikuwa na mvuto wowote. Ilikuwa radiogramu, yaani kabati la mbao lenye redio ya vavu upande mmoja na pleya upande wa pili, aina ya BSR, kutoka kwa kampuni ya Uingereza iliyosambaza mashine zake karibu dunia nzima. Mbao zilikuwa zimebanduka, kitambaa cha spika kimetobolewa na panya. Hata hivyo safari hii nilikuwa nimejifunza kukagua. Nilisoma kibandiko: volti 200 hadi 250, mapigo 50. Nilizungusha sahani ya chuma kwa mkono. Ikakwama kisha ikatii. Niliangalia kama mkono upo, kama kichwa kipo mwishoni mwa mkono, kama vifundo vyote vipo. Kilichovunjika huweza kuungwa, lakini kisichokuwepo utakitafuta hadi Gikomba na usikipate. Tuliafikiana shilingi 1,200, na mwenye mkokoteni akachukua 300 zaidi kunifikisha kwa fundi.

Fundi huyo ni mzee wa mtaa wa Majengo, mtengenezaji wa redio tangu ujana wake. Nilidhani nitamwachia kabati na kurudi baada ya wiki. Alinitazama, akalitazama kabati, kisha akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ninasomea Kiswahili chuo kikuu.

"Basi, mwalimu," akasema, "njoo Jumamosi na bisibisi yako. Mimi macho hayafiki tena ndani humo. Nitakuwa mdomo, wewe utakuwa mikono."

Jumamosi hizo zilikuwa kumi na moja. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutoitia plagi. Radiogramu ya vavu hutumia volti nyingi ndani yake, na kapasita zake zinaweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa; mkono wa mwanagenzi ukigusa pasipofaa, umeme huo humtoka kapasita ukamwingia yeye. Aliagiza niumwage kwa kutumia rezista yenye waya zilizofunikwa, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Hili la mkono mfukoni nilidhani ni mzaha hadi aliponieleza kuwa umeme ukipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine hupitia kifuani.

La pili lilikuwa kunusa na kutazama. Jumamosi nzima tulinusa na kutazama. La tatu, kuosha. Ugonjwa mkubwa wa pleya za aina hii, zile zibadilishazo santuri zenyewe, si umeme hata kidogo. Ni grisi. Grisi iliyotiwa kiwandani miaka hamsini iliyopita hukauka ikawa kama ukoko wa ugali sufuriani, na vijimkono vidogo vilivyopaswa kuteleza vikaganda. Watu huitupa mashine wakidhani imekufa, kumbe imeganda tu. Nilifungua kila kijimkono, nikakichora katika daftari kabla ya kukitoa ili nijue kirudi vipi, nikakilowesha katika mafuta ya taa, nikakisugua kwa mswaki. Kuna gurudumu dogo la mpira ambalo hupokea mzunguko wa injini na kuupeleka kwenye sahani; mpira wake ulikuwa umekuwa mgumu na laini kama kigae, hivyo ukiteleza. Tuliupiga msasa kidogo sana, tukaupangusa kwa spiriti, ukashika tena.

Wala sikuacha ukaidi wa taaluma yangu. Nilikwenda na kalamu ya pili ya kuandikia maneno ya fundi, nikidhani nitakusanya istilahi za kuwaonyesha wenzangu chuoni. Nilipata kichwa, mkono, sindano, sahani, kiuno cha injini. Mwili mzima wa binadamu umo. Niliporudi kwa maneno yale yale Jumamosi iliyofuata nikakuta kiuno kimekuwa shingo. Nilipomuuliza lipi sahihi, alinijibu kwamba yote mawili, ilimradi nisiligonge.

Tulibadilisha kapasita sita. Kisha ikaja siku ya umeme, naye akatoa kifaa ambacho laiti ningekifahamu mapema: holda ya balbu iliyounganishwa katika waya mmoja wa plagi, ili umeme wote uendao kwenye mashine upite kwanza katika balbu ya wati 60. Mashine ikiwa na hitilafu kubwa, balbu huwaka kwa nguvu nayo mashine husalimika. Ikiwa salama, balbu hung'aa kidogo kisha hufifia. Yetu iling'aa, ikafifia. Vavu zikaanza kuwa nyekundu moja baada ya nyingine. Redio ikavuma. Sahani ikazunguka sawasawa, bila moshi, na mzee akasema "haya" kana kwamba ameletewa chai.

Lakini haikuimba. Kichwa kilikuwa kimekufa. Vichwa vya pleya nyingi za bei nafuu za zamani vilikuwa na kipande cha fuwele ya chumvi, chumvi ya Rochelle, ambayo ikitikiswa na sindano huzaa umeme mdogo sana, na umeme huo ndio hukuzwa ukawa sauti. Chumvi hiyo haivumilii unyevu wala joto. Ikifikia nyuzi 55 hivi huharibika. Fikiria kabati lililokaa miaka chini ya bati Makongeni. Ilitulazimu kutafuta kichwa kingine, cha kauri, ambacho huvumilia zaidi, na hivyo nikanunua pleya ya tatu. Ilikuwa ya sanduku la kubeba, kutoka kwa familia moja huko Gatanga, kwa shilingi 500. Kuku walikuwa wametagia ndani yake. Sikuhitaji kitu ila kichwa chake, na kichwa kilikuwa kizima.

Hapa ndipo lilipo kosa langu, nami nitalieleza polepole.

Kichwa kile kilikuja na sindano yake ya zamani. Fundi aliiangalia kwa kioo cha kukuzia na kusema imekwisha: ncha yake ya yakuti samawi, ambayo inapaswa kuwa duara, ilikuwa imelika pande mbili ikawa kama patasi. Sindano ya yakuti hudumu makumi ya saa tu, na hii ilikuwa imecheza maisha ya watu. Aliniambia niagize mpya. Nikaagiza kutoka Uingereza; nikaambiwa zitapita wiki tano. "Kabati peleka nyumbani ukitaka," alisema, "lakini santuri usiiguse." Nikaitikia.

Nilivumilia siku tisa. Usiku wa kumi, nyanya akiwa amelala, nilivuta sanduku taratibu. Nilijitetea kwamba nitajaribu moja tu, tena isiyo na maana. Nilichagua santuri ambayo lebo zake zililiwa na mende pande zote mbili, hivyo haikuwa na jina la wimbo, wala la mwimbaji, wala la kampuni. Nilijiambia: hii haimhusu mtu.

Msomaji, sauti ilitoka. Gitaa mbili, kisha mwanamume mwenye sauti ya juu kidogo, Kiswahili chake cha bara lakini kilichonyooka, akimzungumzia rafiki aliyehamia mjini. Sikuwahi kuusikia wimbo huo popote, wala sijauona umetajwa katika kitabu chochote nilichosoma. Hapa palikuwa na matini mapya kabisa! Nilinyakua daftari. Kila mwanafunzi aliyewahi kunakili wimbo anajua kwamba kusikiliza mara moja hakutoshi. Nikarudisha mkono mwanzo. Mara ya pili niliona sauti imekuwa na mkwaruzo kidogo, nikadhani ni vumbi. Mara ya tatu mwimbaji alikuwa kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Nilipoinua mkono nilikuta uzi wa unga wa kijivu umeizunguka sindano. Nikaufuta kwa kidole na kuutazama kwenye taa.

Ule unga ulikuwa wimbo. Patasi ile, chini ya kichwa kizito cha zamani, ilikuwa ikikwangua kuta za mfuo kila ilipopita. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimekaa hapo na kalamu nikiwa na furaha kubwa, nikisoma matini kwa namna ya kuyafuta, na kila nilipotaka uhakika zaidi ndivyo nilivyoupunguza. Si jambo geni, bila shaka. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, sauti yake iliwekwa katika santuri za mizunguko 78 zilizochezwa kwa sindano za chuma, ambazo zilipaswa kutupwa na kuwekwa mpya kila baada ya upande mmoja. Na ni nani aliyekuwa na sindano za kutosha? Hata hivyo wasikilizaji wale walizichosha kwa raha yao. Mimi nilijua.

Asubuhi nilimweleza nyanya. Sikuwa na ujasiri wa kusubiri. Aliitwaa santuri, akaigeuza, akapitisha kidole ukingoni ambapo palikuwa na ufa mdogo wa kama ukucha, akasema, "Hii aliinunua mwaka aliozaliwa baba yako." Yaani 1971. Kumbe hakuhitaji lebo. Aliitambua kwa ufa. Hakunigombeza. Aliirudisha sandukuni na kuniuliza kama nimekunywa uji. Afadhali angenigombeza.

Sindano mpya ilifika posta ya Thika baada ya wiki saba, si tano. Ilikuwa ya almasi. Fundi alikuja Ruiru mwenyewe kuiweka, na katika hilo nafikiri aliona kwamba siaminiki tena. Tulizicheza santuri 37 zilizobaki kwa Jumamosi nne, nikizirekodi kwa simu na kompyuta, kila moja mara moja tu. Nyingi zilikuwa njema. Nyanya alikaa kwenye kiti chake na kutaja majina ya vilabu vya Thika ambavyo vilikuwa na yale masanduku ya muziki ya kutumbukizia sarafu, ambamo babu alisikia wimbo kwanza kabla ya kuamua kama anastahili mshahara wake.

Ya mwisho ilikuwa ile. Ilisikika, lakini kwa shida: gitaa zipo, sauti ipo, maneno yamefunikwa na mvumo kama wa mvua juu ya bati. Na nyanya akaanza kuimba. Hakuimba kwa nguvu. Alijaza pale palipotoboka, akinyamaza pale santuri ilipoweza kujisemea. Nilifuata katika daftari langu la usiku ule. Tulikwenda pamoja hadi ubeti wa tatu, ambapo nilikuwa nimeandika kwamba rafiki yule wa mjini hana kitu ila kilio. Nyanya aliimba kileo.

Nilimsimamisha. Nilimwonyesha nilivyoandika. Juu ya neno hilo kilio nilikuwa nimekwisha kujenga nusu ukurasa katika sura ya tatu, kuhusu ukiwa wa mhamiaji na dhana ya mji kama matanga. Alicheka hadi akafuta macho. "Ungekuwa wimbo wa kulia," alisema, "wewe usingeununua."

Nani ana haki? Kimantiki naona yeye. Ubeti unaofuata unataja mshahara na deni, na kileo kinaingia pale bila kusukumwa. Lakini kwa uaminifu wa kitaaluma lazima niseme kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya nyanya, kwamba aliujua wimbo ule kwa kuusikia jikoni akiwa na kazi nyingine mikononi, na kwamba alimjua mnunuzi wake, jambo ambalo lingeweza kulivuta sikio lake upande wa kileo. Kwa upande wangu, niliandika kilio katika usikizaji wa pili, sindano ikiwa imekwisha kuanza kukwangua. Tofauti ni irabu moja, na mahali pa kuamulia irabu hiyo palikuwa pamoja tu: sehemu fupi ya mfuo. Nimeirudia sehemu hiyo katika kompyuta mara nyingi, kwa kasi ndogo na kubwa. Kuna irabu. Haiwezekani kusema ni ipi.

Msimamizi wangu ameniruhusu kuuweka wimbo katika tasnifu ukiwa na masomo yote mawili, pamoja na tanbihi inayoeleza ni kwa nini shaka hiyo ipo na ni nani aliyeisababisha. Nusu ukurasa wa matanga nimeufuta. Katika utepe laini ulio kati ya mwisho wa mfuo na tundu la katikati, pamechorwa herufi na tarakimu ambazo mende hawakuweza kuzila. Ndizo alama ambazo mtambo wa kuchapia santuri ulitumia kutambua kila upande. Nimezinakili na huzibeba katika pochi. Nikipita Nairobi kwa wauzaji wa santuri kuukuu, au nikikuta rundo sokoni, huzigeuza moja moja nikitafuta tarakimu hizo. Bado.

Siku ile, nilipokuwa nimeinamia daftari nikibishana na mwanamke wa miaka sabini na tano kuhusu irabu, fundi alinigusa bega na kunionyesha kwa kidevu. Sahani ilikuwa bado inazunguka, sindano imefika mwisho na inagonga, gonga, gonga. Nyanya alikuwa ananyoosha mkono kuelekea kabati.

"Geuza," alisema. "Huu wa upande wa pili hukuugusa."